Nguruwe anakula vizuri na hakohoi. Je, anaweza kumwambukiza mtoto mafua?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Ohio, Marekani. Binti yangu wa miaka 11 atapeleka nguruwe wake kwenye maonyesho ya kaunti, na mdogo wake wa miaka 3 anataka kushinda naye bandani. Nguruwe anakula vizuri, hakohoi. Jirani anasema tumchome antibiotiki kabla ya kwenda, hatapata mafua. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mama. Si kweli. Mafua ni virusi, na antibiotiki haiui virusi. Sindano hiyo itakula pesa zako bure na kuacha mabaki ya dawa katika nyama ya mnyama anayekaribia kuchinjwa.

Ila kinachonikera zaidi ni hilo la “anakula vizuri, hakohoi”. Kila msimu wazazi wananiambia hivyo hivyo. Watafiti walipima nguruwe kwenye maonyesho ya hapo hapo Ohio kati ya 2009 na 2011. Katika maonyesho mengi yaliyokutwa na virusi, hakuna nguruwe aliyeonekana mgonjwa. Mwaka 2012 watu 309 katika majimbo 12 walithibitishwa kuwa na mafua ya aina ya H3N2 yatokayo kwa nguruwe. Wengi walikuwa watoto waliokuwa karibu na nguruwe kwenye maonyesho. Kumtazama mnyama kwa macho si kipimo.

Mdogo abaki nje ya banda kabisa. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wenye miaka 65 na zaidi, wenye pumu au kisukari, hao wote mafua haya huweza kuwalaza hospitali. Binti asile wala kunywa bandani, na akitoka anawe mikono kwa sabuni. Akiwa na mafua yeye mwenyewe, asiende: sisi pia huwaambukiza nguruwe, na virusi vya mafua vya H1N1, vilivyoenea duniani mwaka 2009, vimewafikia mara nyingi kupitia watu.

Nyama iliyoiva haiambukizi mafua, hilo lisiwasumbue. Ninaowaogopa ni wauzaji wa unga wa “kinga” na wanaomchemshia majani mtoto mwenye homa wakisubiri ipoe. Oseltamiviri, dawa inayopambana na virusi vya mafua, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Homa ikimshika baada ya maonyesho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kabla hajauliza: mtoto huyu alikuwa na nguruwe.