Ukuta unaotoa pesa

Mdogo wangu,

Ile sauti yako ya dakika nne kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa stesheni nasubiri treni iliyochelewa. Unasema Ujerumani kila kitu ni mashine, hata pesa unabonyeza tu zinatoka ukutani, na kwamba kaka siku hizi amekuwa bahili, kakutumia euro 150 za kununua simu wakati ulimwomba 300. Shangazi naye akachombeza kwamba mke wa Kizungu ndiye kashika pochi. Shangazi, shikamoo. Sina mke wa Kizungu. Sina mke kabisa. Nina chumba cha mita za mraba 12, na jiko tunachangia watu wanne.

Sasa turudi kwenye ukuta wako. Upo kweli, naujua. Uko mlangoni mwa supamaketi, una tundu la duara. Huku ukinunua maji au soda, chupa nayo unaiwekea amana: senti 25 kwa nyingi za plastiki na makopo, senti 8 kwa chupa nyingi za bia. Ukiirudisha, mashine inaizungusha, inasoma alama, inaimeza. Ukimaliza unabonyeza kitufe, kinatoka kikaratasi cha kumpelekea keshia. Basi, hizo ndizo pesa za ukutani.

Mwezi ule wa simu yako kulikuwa pia na hospitali ya mama na ada ya mtoto wa dada. Tarehe 19 nikabaki na euro sita. Mchele ulikuwepo, kwa hiyo usianze kulia. Natoka zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi, alfajiri, naona chupa tatu zimesimamishwa kando ya pipa la taka. Waungwana huziacha nje hivyo ili mwokotaji asichimbue uchafu. Nikainama kama nafunga kamba za kiatu. Siku ya tatu sikuhangaika tena na kamba, nilikuwa na mfuko. Siku ya nne nikamkuta bibi kizee Mjerumani, koti safi, rika la nyanya yetu, akanitazama kama nimeingia shambani kwake. Nikampisha.

Jumamosi nikaenda kwenye mashine. Chupa ikibonyea alama haisomeki, inarudishwa. Ya kwangu moja ilirudishwa mara tatu, foleni nyuma, na wa pili kwenye foleni ni msimamizi wangu wa zamu na kreti yake ya bia. Akanisalimia kwa adabu sana. Angecheka ningepona haraka. Kikaratasi kilisoma euro 7.75.

Utasema mshahara je? Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, mwezi mzima ni kama 2,200. Bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa ukiwa hujiwezi, kodi, vyote vinakatwa kabla sijaugusa. Inabaki 1,600 na ushei. Hapo sijalipa chumba. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za mikoa ilianza kwa euro 49 mwaka 2023, mwaka 2025 ikawa 58. Hiyo siilalamikii, ni nafuu.

Na hiyo teknolojia unayoisifu! Nyumbani tunatumiana hela kwa simu tangu 2008. Huku kuna duka la mikate limebandika "taslimu tu", na ofisi ya wageni huniandikia barua za posta.

Kwa hiyo usije. Nasema kweli, usije. Ila kama umeshaamua, jifunze Kijerumani huko huko, na yule wakala anayekuahidi kazi ndani ya wiki mbili mkimbie. Kiwanja usiuze. Ukija kwa masomo, jua benki lazima kuwe na euro 11,904 zilizofungiwa, unapewa 992 kila mwezi, na wengi huzikopa. Usikope. Njoo Aprili, Novemba itakuvunja moyo. Ukifika utalala kwangu, chini, godoro nitatafuta.

Kosa ni langu pia, sitaki kujitoa. Ile picha niliyoegemea gari jeusi, gari ni la jirani. Nilivaa jaketi la kazini nikaficha nembo. Mama alifurahi, nikaona aibu kuifuta. Na ukweli mwingine: ningeweza kukwambia sina, lakini nikituma, baada ya dakika mbili unaandika "imeingia kaka", na mimi hilo neno nalipenda kuliko nilivyokiri kwa mtu yeyote. Mwezi ujao sitatuma. Labda za mama tu.

Hiyo simu ivalishe kava. Ni chupa 600.