Kuhusu dodoso lako la wanafunzi na mitandao ya kijamii
Mkuu, umeuliza kwa nini wanafunzi wa chuo wanajaza "napoteza muda sana mtandaoni" halafu saa wanazoandika ni chache. Kosa liko kwenye swali. Ukimuuliza mtu anatumia saa ngapi kwa siku, anakisia tu, na makisio mara nyingi hayalingani na kumbukumbu za simu. Mwambie afungue mipangilio, sehemu ya muda wa skrini, anakili dakika za kila programu kwa siku 7 zilizopita. Wastani utapiga mwenyewe. WhatsApp iweke kando. Kusoma matangazo ya kundi la darasa na kuperuzi video usiku wa manane ni vitu viwili, ukivijumlisha umeharibu kazi.

Hisia ziulize peke yake. Kipimo cha Bergen cha uraibu wa mitandao ya kijamii kina maswali 6, kila moja alama 1 hadi 5, lakini kinapima dalili za uraibu, si majuto ya kupoteza muda. Kwa majuto uliza kuhusu mara ya mwisho alipoingia mtandaoni: "Ulifungua ukitafuta nini? Ulipofunga ulijisikiaje?"

Na usiligawe dodoso wiki ya mitihani, wiki hiyo kila mtu anajilaumu.