Jibu: Roma kwa siku mbili, wewe na mkeo

Ndugu yangu, umeuliza kama Jumamosi na Jumapili zinatosha wewe na shemeji kuiona Roma. Zinatosha, mkizipanga vizuri.

Makumbusho ya Vatikani yawekeni Jumamosi asubuhi. Jumapili hufungwa, isipokuwa ya mwisho wa mwezi ambapo kiingilio ni bure na foleni ni ndefu mno. Kateni tiketi mtandaoni mapema. Basilika la Mtakatifu Petro halina kiingilio, ila mabega na magoti lazima yafunikwe: shemeji abebe mtandio, nawe kaptura iache hotelini, maana watu hurudishwa mlangoni. Kupanda kuba lake, lile paa la mviringo, ni ngazi 551. Ukilipia lifti zinabaki 320, na juu kabisa njia ni finyu, ukuta umeinama. Mwenye presha au anayeogopa sehemu za kubana asijaribu.

Jumapili nendeni Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, mapema. Tiketi huwa na majina, kwa hiyo yalingane na pasipoti, na mzibebe. Tiketi hiyohiyo inawaingiza kwenye magofu ya Foro ya Kirumi na kilima cha Palatino, msiyaache. Jioni malizieni kwenye chemchemi ya Trevi kwa miguu. Vaeni raba, mawe ya barabarani yanatesa visigino.

Maji msinunue. Bomba za mtaani hutiririka bure, safi na baridi. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatarukia juu kupitia kitundu kidogo, unywe bila kikombe.

Kwenye basi, tiketi ya karatasi igongeni muhuri kwenye mashine iliyo ndani mara mkipanda. Isiyogongwa ni faini, hata kama mmeilipia.