Diamond: msanii au bosi?

Mkuu, unauliza Diamond Platnumz wa Bongo Fleva siku hizi ni msanii au mfanyabiashara. Ni vyote viwili. Kijana wa Tandale, Dar es Salaam, alitoka na wimbo wa Kamwambie, baadaye akaanzisha lebo yake ya muziki, WCB Wasafi, kisha redio, televisheni, hata karanga (usicheke, ziliuzwa kweli). Ila mimi namhesabia zaidi wasanii aliowainua pale Wasafi. Harmonize aliondoka Wasafi 2019 akasimamisha lebo yake, Konde Gang. Rayvanny naye akaondoka 2022, akiwa tayari na lebo yake, Next Level Music. Wengi wanaita hasara, mimi naona lebo imezaa lebo. Enzi za kaseti, msanii alimnyenyekea msambazaji wa Kariakoo; leo msanii anakuwa bosi wa lebo yake mwenyewe. Kwa sauti tupu lakini, Mbosso, mwimbaji mwingine aliyeinuliwa Wasafi, anamzidi Diamond, hapo sibishani na mtu.