Breki ya mkono ikilegea, anzia kwenye gurudumu

Wadogo zangu mnaoanza garaji, kuna kazi mtakayoidharau: breki ya mkono. Shoferi atashuka kwenye pikapu na kusema, “Fundi, nikazie kidogo tu ile freni ya mkono, inashika mbali.” Ana haraka, mzigo unamngoja Kadutu, hapa Bukavu. Utaingia chini ya gari, utaiona nati ya kable mbele ya macho yako, utaizungusha mara nne, na mkono utashika kwenye jino la tatu (yale meno yanayolia tak-tak ukiuvuta). Shoferi atafurahi, atalipa na kuondoka. Ugonjwa umeuacha palepale.

Nayajua hayo kwa sababu nilifanya hivyo kwa Hilux moja ya zamani iliyokuwa ikibeba saruji. Kwenye uwanja wa garaji ilishika vizuri kabisa. Kesho yake ikateremka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola, na kabla haijafika bondeni gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linatoa moshi. Nilipoifungua, ngoma ya breki (lile kopo la chuma linalozunguka na gurudumu) ilikuwa imegeuka bluu kama shingo ya njiwa, na viatu (vile vipande vinavyoibana kutoka ndani) vinang'aa kama kioo. Mwenye gari alinifokea mbele ya wenzangu wote. Sikuwa na la kujibu.

Kosa langu lilikuwa hili. Viatu vya breki vikilika, vinakuwa mbali na ngoma, kwa hiyo mkono unavutwa sana kabla ya kushika. Mara nyingi kable haina hatia. Ukiikaza ili kuficha ile nafasi, viatu vinabaki vimevutwa nusu hata mkono ukiwa chini. Havirudi mahali pake, vinasuguana na ngoma njia nzima, na ule mtambo wa kujirekebisha, unaosogeza viatu karibu na ngoma vinapolika, haupati tena mwendo wa kuruka jino jipya.

Tena kwenye Hilux nyingi za zamani mtambo huo hufanya kazi pale unapovuta breki ya mkono. Sasa angalia sisi wa Bukavu tunavyoegesha. Shoferi anaweka gea ya kwanza, konvoyeri (msaidizi wake) anaruka chini na kusukumiza kipande cha mti nyuma ya gurudumu, basi. Miezi inapita mkono haujaguswa. Viatu vinalika, hakuna kinachovisogeza, hata pedali inaanza kushuka, halafu tunaambiwa gari za Toyota za siku hizi hazina breki!

Kwa hiyo, mpangilio. Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa kriki (jeki), weka stendi za chuma (kriki peke yake si kitu cha kulalia chini yake, sitaki kurudia), gea iwe huru, mkono uwe chini. Toa ngoma. Ikikataa, usiipige nyundo kama adui: ngoma nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye uzi, ukikaza bolti za milimita 8 humo itajisukuma yenyewe. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa, linaingia kifuani. Losha kwa maji. Viatu vikiwa vimelowa mafuta, nusa kwanza: oili nzito ya difu (gia za ekseli ya nyuma) imepita kwenye sili ya ekseli, majimaji ya breki yametoka kwenye silinda ya gurudumu. Tengeneza panapovuja, kisha badilisha viatu pande zote mbili. Kuvichoma kwa petroli ili “vikauke” ni mchezo, mafuta yamekwisha kuingia ndani.

Sasa njoo nyuma ya gurudumu, mahali ambapo wengi hawatazami. Kable inaishia kwenye kikono kifupi cha chuma kilichopinda, kimefungwa upande wa nje wa bamba la breki, kinachezea kwenye pini. Kinakula tope lote la barabara zetu, lile jekundu linalokauka kama tofali. Mwambie mwenzako avute mkono na kuushusha huku wewe unatazama. Kikienda na kurudi upesi, ni kizima. Kikienda na kubaki, au kikirudi kama mzee anayeinuka kitini, pini imeshikwa na kutu. Kuna siku nilikikuta kimeganda kabisa: nikakwangua tope kwa bisibisi, nikatia mafuta ya kulegeza kutu, nikakitingisha kwa koleo kama robo saa mpaka maji ya kahawia yakatoka pembeni ya pini. Baadaye nikaitoa, nikaipiga msasa, nikapaka grisi. Gari hiyo ilikuwa imeshabadilishiwa kable mara mbili mahali pengine.

Ukisharudisha ngoma, zungusha kile kigurudumu chenye meno cha mtambo wa kujirekebisha kupitia tundu la bamba mpaka gurudumu likamatwe, kisha kirudishe taratibu hadi lizunguke huku ukisikia msuguano mwembamba tu. Fanya kushoto, fanya kulia, vilingane. Kanyaga pedali mara kadhaa. Ndipo, mwisho kabisa, uiguse kable. Mara nyingi utakuta nati inataka kulegezwa, kwa sababu fundi aliyekutangulia aliikaza. Idadi ya meno iko kwenye kitabu cha gari, usiibuni.

Usilijaribu gari uwanjani. Lipeleke kwenye mteremko, pua ikitazama juu, kisha pua ikitazama chini, maana breki za ngoma zinaweza kushika vizuri upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Likishika tupu, pakia mifuko ya saruji na ujaribu tena. Konvoyeri asimame pembeni na mti wake mkononi, ila asiuweke mpaka umwambie.