Choo cheusi cha mtoto njiti, na supu ya mifupa

SWALI: Shikamoo daktari. Nilijifungua mtoto njiti wa wiki 31, mwenye kilo 1.5. Sasa ana wiki saba, amefikisha kilo 2.4 na ananyonya maziwa yangu tu. Tuliporuhusiwa kutoka hospitali tulipewa dawa ya maji yenye madini ya chuma, lakini nilipoona choo chake kimekuwa cheusi nikaiacha. Mama mkwe anasema mifupa ya mtoto bado laini, nimpe supu ya mifupa. Jirani naye ananishauri nisage vidonge vya kalsiamu nimchanganyie kwenye maziwa. Nifanye lipi?
Mama Njiti, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa malezi. Njiti hupungua uzito siku za mwanzo kabla ya kuanza kupanda, kwa hiyo kilo 2.4 katika umri huo ni maendeleo mazuri.

Weusi uliokutisha ni mabaki ya chuma ambayo utumbo haukuyafyonza, nao hauna madhara. Lakini choo kikiwa kinanata kama lami na chenye harufu kali, au mtoto akikataa kunyonya, akitapika au tumbo likivimba, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Dawa hiyo usiiache kwa uamuzi wako. Sehemu kubwa ya akiba ya chuma mtoto huipata tumboni katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kipindi ambacho wako alikikosa kwa kiasi kikubwa. Kisha, kadiri anavyokua haraka, mwili wake hutengeneza damu nyingi zaidi na kuimaliza ile akiba ndogo aliyozaliwa nayo. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza njiti wanaonyonya waongezewe madini hayo. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kuanzia umri wa wiki mbili hivi hadi miezi sita.

Hapa ndipo wazazi wengi hupitiwa: dozi hufuata uzito. Kwa hesabu ya miligramu 2, mtoto wa kilo 1.5 hupata miligramu 3 kwa siku, ilhali wa kilo 2.4 anahitaji 4.8, kwa hiyo mtoto anayebaki na dozi ya siku ya kutoka hospitali hupunjwa polepole bila mtu kutambua. Nenda kliniki na chupa yenyewe pamoja na kadi ya mtoto, wakupigie hesabu upya kwa mililita, kwa sababu nguvu ya dawa hutofautiana kati ya chupa na chupa. Pima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, si kwa kijiko cha chai, na uiweke chupa mbali na watoto wakubwa, kwani chuma kikizidi ni sumu inayoweza kuua.

Kuhusu mifupa, mama mkwe hajakosea: takribani asilimia 80 ya kalsiamu na fosforasi ya mtoto mchanga huingia katika miezi hiyohiyo mitatu. Kosa liko kwenye tiba. Supu ya mifupa ina kalsiamu kidogo sana, na kabla ya miezi sita mtoto hahitaji chakula kingine zaidi ya maziwa yako. Inywe wewe, pamoja na mtori. Vidonge vya jirani ni hatari zaidi, kwa kuwa mfupa hujengwa kwa kalsiamu na fosforasi kwa uwiano, na kalsiamu inayozidi inaweza kuganda kwenye figo. Tena ikipewa pamoja na chuma huzuia chuma kufyonzwa. Ukiwa kliniki, uliza kama mtoto anahitaji kupimwa fosforasi katika damu, na kama anapata matone ya vitamini D, ambayo kwa njiti huwa yuniti 400 hadi 1,000 kwa siku.