Unataka ukasisi? Tuanze na maharage

Kila mwaka hakosi kijana mmoja au wawili wa kunijia hapa Kasulu na kuniambia, "Mchungaji, nasikia wito." Huwa wanashangaa nikiwauliza kama wanajua kupalilia maharage.

Njia yenyewe, kwetu Waanglikana, si siri. Wengi wetu tulianza kama wainjilisti wa mtaa, yaani kanisa dogo lililo chini ya parishi. Tukafundisha watoto wa kipaimara, wazee wa kanisa wakatuona, kasisi akatuandikia barua, askofu akatuita kuhojiwa. Ukipita unakwenda chuo: kipo cha Biblia hapa hapa Kasulu, kuna Kongwa, kuna Msalato kule Dodoma. Kisha unafanywa shemasi. Shemasi anahubiri, anabatiza na kuzika, ila hawezi kuweka wakfu mkate na divai. Siku ya ushemasi askofu anakuwekea mikono peke yake, lakini siku ya ukasisi makasisi waliopo nao wanakuzunguka na kuweka yao. Usifikiri ni mfano tu. Mikono ile ina uzito. Mimi shingo iliniuma hadi kesho yake.

Hakuna aliyeniambia Jumatatu tungekula nini.

Kwetu huku posho ya kasisi wa kijijini inategemea wakulima, na wakulima wanategemea mvua. Sadaka nyingi si fedha. Ni mkungu wa ndizi, debe la muhogo mkavu, jogoo aliyefungwa miguu, na nyakati nzuri chupa ya mawese. Ibada ikiisha vinanadiwa pale nje, na kuku mmoja anaweza kununuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu, watu wakicheka. Ukisimama pembeni na kanzu yako unaweza kudhani parishi ni tajiri. Subiri fungu la dayosisi litoke, bati za kanisa, kifuta jasho cha mwinjilisti. Kinachobaki ndicho chako.

Parishi yangu ya kwanza sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu. Mwanangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Fedha za bati zilikuwa kwangu, kwenye kopo, chini ya kitanda; ndivyo nilivyoikuta desturi, na mimi nikaipenda. Nikachukua shilingi elfu arobaini, nikijua nitazirudisha maharage yakikomaa. Mvua ikapiga maharage yakiwa yameanikwa, yakaota na kuoza. Fundi wa bati akaja kabla sijapata hata nusu.

Kikao kile nakikumbuka hadi mpangilio wa viti. Hakuna aliyenifokea. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyenipokea siku ya kwanza na kunibebea godoro, aliniuliza taratibu: "Mchungaji, uliona aibu kutuomba, hukuona aibu kuchukua?"

Sikuwa na jibu, na leo pia sina. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi minane. Ajabu ni kwamba wazee wale wale walinikatia ekari moja na nusu ya kulima karibu na kanisa. Wangenipa tangu mwanzo kama ningefungua mdomo.

Basi, mdogo wangu, sadaka ihesabiwe kanisani kabla mtu hajatoka, na watu wawili, iandikwe kwenye daftari, na daftari lisainiwe. Sanduku liwe na kufuli mbili, na ufunguo hata mmoja usikae kwako. Watakaokuambia "tunakuamini, Mchungaji" washukuru, kisha uwape ufunguo. Ukipungukiwa, waambie wazee mapema, kwa maneno mafupi, bila kuzungushia mistari ya Biblia.

Jambo la pili ni nyumba. Nyumba ya mchungaji si yako. Ukihamishwa unaiacha, ukistaafu unaiacha, na ukifa mjane wako anaiacha wakati machozi hayajakauka. Nimeshasaidia kubeba vyombo vya mjane wa namna hiyo. Nunua kiwanja ungali kijana, hata kama ni mbali. Tofali mia kwa mwaka si haba.

Na mke. Wakatoliki wa kijijini kwetu huniita Padre, halafu wanakumbuka nina watoto watano, wanacheka. Sisi tunaoa, lakini usioe mtu ambaye hujamweleza habari ya ndizi na mnada. Mama Mchungaji ndiye anayepokea msiba saa nane za usiku wewe ukiwa mtaa wa nne kwa pikipiki ya kuazima.

Wengine huota uaskofu. Ni kweli Musa Kahurananga, askofu wa kwanza wa dayosisi yetu tangu 1966, alifika hadi kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania mwaka 1979. Lakini maaskofu ni wachache na mitaa ni mingi. Wengi wetu tutazikwa tukiitwa Mchungaji tu, na kwangu inatosha.

Kijana aliyekuja wiki iliyopita alijibu kwamba kupalilia anajua. Nimemwambia aje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, jembe lipo. Atakuwa mstari mmoja na Mama Mchungaji, na huyo mama ndiye atakayeniambia jioni kama niandike ile barua.